Nani akae na beta? Uduvi, konokono, koridora, rasbora, lochi au chura kibeti

Ukiuliza dukani kama beta, samaki wa mapambo anayesifika kwa ugomvi, anaweza kuwekwa na viumbe wengine, utapata moja ya majibu mawili, na yote yana kasoro. La kwanza: "Huyo hakai na mtu, atawamaliza." La pili, hasa kama muuzaji ana mzigo anaotaka utoke: "Weka tu, hana neno." Beta dume na beta dume mwenzake ni kweli hawakai pamoja; fahali wawili zizi moja, na hapa methali haijatiwa chumvi hata kidogo. Lakini wapo viumbe kadhaa wanaoweza kuishi naye maisha yake yote bila kuguswa, mradi tangi lina nafasi, maji yanawakubali wote, na kila mmoja anapata chakula chake.

Hilo la chakula ndilo linalosahaulika. Watu hujiandaa kwa vita: wanakaa mbele ya kioo saa nzima wakisubiri pezi liraruke, lisiporaruka wanashusha pumzi. Wiki sita baadaye beta amevimba tumbo kwa kula vidonge vya chakula vya koridora, kambare wadogo wa sakafuni, au chura amekonda kwa sababu kila anachotupiwa kinamfikia beta kwanza. Kwa hiyo unapolinganisha wenza wa beta, uliza habari za mlo kabla hujauliza habari za ugomvi.

Mwenye nyumba ni nani

Beta wa madukani, Betta splendens, asili yake ni Thailand: majaruba ya mpunga, madimbwi na mifereji yenye majani mengi na maji yasiyokwenda kasi. Wathai humwita pla kat, samaki anayeng'ata, na kwa vizazi vingi walimchagua na kumzalisha kwa ajili ya mapambano. Mwaka 2019 nchi hiyo ilimtangaza kuwa mnyama wake wa majini wa taifa. Kichwani, juu ya mashavu, ana kiungo kiitwacho labirinti kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji. Ndiyo sababu unamkuta hai kwenye kikombe cha dukani, na ndiyo sababu watu hudhani kikombe kinamtosha.

Mdomo wake umeelekea juu. Anakula juu, anapumua juu, anajenga kiota chake cha mapovu juu. Ghorofa ya juu ya tangi ni yake, na mgeni anayeelea hapo polepole akiwa na mkia mrefu na rangi kali anaonekana kama beta mwingine aliyekuja kudai kiwanja.

Kisha angalia mkia wa huyo wako. Beta wa mkia mrefu anaogelea kwa shida kama mtu aliyevaa kanzu ndani ya maji. Hatari yake ni kunyofolewa na wenye kasi. Beta wa mkia mfupi, plakati, ana mbio, na akiamua kumfukuza mtu anamfikia. Kwa wa kwanza swali ni nani atamwuma. Kwa wa pili swali ni yeye atamfikia nani. Majike nao wasikudanganye, wapo wakali kuliko madume.

Vigezo vya kupimia

*Nafasi.* Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1000. Tangi la 60 × 30 × 35 ni lita 63. Ukitoa mchanga, mawe na pengo la hewa la juu, unabaki na kama lita 50 za maji. Beta peke yake anatosheka na lita 20. Chini ya hapo usiongeze chochote chenye mapezi. Sakafu pana ina faida kuliko kimo kirefu, kwa sababu wenza wengi wa beta wanaishi chini.

*Joto na maji.* Beta anataka nyuzi 25 hadi 27, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 6.5 na 7.5. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, miezi ya joto maji ya sebuleni yanafika 28 hadi 30 bila hita, kwa hiyo kiumbe anayependa ubaridi ataumia. Nairobi na Arusha shida ni kinyume: usiku wa Juni na Julai maji yanashuka sana, na hita ya takriban wati 1 kwa kila lita ni lazima. Maji ya visima vya pwani mara nyingi ni magumu, yaani yana madini mengi, mengine yana chumvi. Konokono atayapenda, rasbora, samaki mdogo wa kundi, hatayapenda. Ya bomba yana klorini. Ukiyaacha kwenye ndoo wazi saa 24 klorini ya kawaida inaondoka, lakini kloramini, klorini iliyochanganywa na amonia, haiondoki, hiyo inahitaji dawa ya kuondoa klorini.

*Ghorofa.* Mwenza anaishi chini, katikati au juu? Kila anavyokaa mbali na uso wa maji ndivyo anavyokutana na beta mara chache.

*Mlo.* Anakula nini, saa ngapi, na beta atamwibia au ataibiwa?

*Umeme ukikatika.* Filta ikisimama, oksijeni inashuka, na kwenye maji ya nyuzi 30 inashuka haraka zaidi. Beta anapanda juu kuvuta hewa. Wenzake je?

Kuna sharti moja lisilohusu mwenza yeyote: tangi liwe limekomaa. Filta iwe imefanya kazi wiki 4 hadi 6 na kipimo cha sumu zitokanazo na taka za samaki kionyeshe amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 40 kwa lita na ikiwezekana chini ya 20. Ukiongeza viumbe sita kwenye tangi la wiki moja, hutajua nani alikufa kwa beta na nani alikufa kwa amonia.

Uduvi

*Nafasi na maji.* Uduvi wekundu wa mapambo (Neocaridina davidi) wana sentimita 2 hadi 3, na kumi wanaishi vizuri kwenye lita 30. Wanapenda nyuzi 22 hadi 25. Kwenye 28 wanaishi lakini kwa muda mfupi zaidi. Uduvi wa Amano (Caridina multidentata) ni wakubwa, sentimita 4 hadi 5, na beta hawamezi kirahisi.

*Wanavyoishi naye.* Hapa uwe mkweli na nafsi yako: kwa beta, uduvi ni chakula kinachotembea. Mkubwa anaweza kusalimika, mtoto wa milimita 2 haponi mahali peupe. Kinachoamua ni maficho. Jaza kuvumwani ya Java kiasi cha viganja viwili, magogo yenye matundu, na majani makavu ya mkungu.

Hapa watu wa pwani wana bahati. Mkungu huu unaoangusha majani yake mekundu uani ndio Terminalia catappa, mti uleule ambao majani yake huuzwa kwa pakiti kwa wafugaji wa beta ng'ambo. Okota yaliyoanguka yenyewe na kukauka kahawia, mbali na barabara yenye moshi na mahali panapopulizwa dawa. Osha, loweka usiku mmoja, weka jani moja kwa kila lita 30. Baada ya siku mbili tatu maji yanapata rangi ya chai ya rangi nyepesi, jani linalegea, na uduvi wanalikwangua mpaka inabaki mishipa mitupu kama wavu.

*Mlo.* Mwani, jani linalooza, mabaki. Kidonge kidogo mara mbili kwa wiki kinatosha.

*Kinachoharibika.* Dawa yenye shaba. Beta akiugua, mtu anamwaga dawa tangini bila kusoma kibandiko, na uduvi wote wanalala kichwa chini. Kosa la pili ni kuwaingiza uduvi beta akiwa tayari ndani. Waanze wao, wakae mwezi mzima, wazaane, ndipo yeye aje.

*Anayefaidika.* Mwenye tangi dogo lenye mimea mingi, ambaye hatavunjika moyo akihesabu kumi leo na saba wiki ijayo. Asiyetaka kupoteza hata mmoja achukue wa Amano, akijua kwamba hawatazaana hapo: viluwiluwi vyao vinahitaji maji yenye chumvi.

Konokono

*Nafasi na maji.* Nerite mmoja wa sentimita 2 anakaa hata kwenye lita 20. Konokono wa Pomacea anafika sentimita 4 hadi 5, anachafua maji kama samaki, na anahitaji lita 40. Wote wanataka maji magumu kidogo yenye pH juu ya 7. Kwenye maji laini gamba linaliwa, unaona alama nyeupe kama chokaa iliyobanduka. Ndiyo maana majani mengi ya mkungu na konokono hayaendi pamoja kama maji yako tayari ni laini.

*Anavyoishi naye.* Kwa kawaida beta anamdonoa mara mbili, anagundua ni jiwe, anaondoka. Pomacea ana pembe ndefu zinazochezacheza kama minyoo, na beta mwenye uchu anaweza kuzikata. Nerite anazificha.

*Mlo.* Mwani wa kwenye kioo. Ukiisha, kipande cha tango au mchicha uliochemshwa, utolewe kesho yake.

*Kinachoharibika.* Mayai ya nerite hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi lakini anataga vijidoa vyeupe kila mahali na kuvikwangua ni kazi. Lakini onyo kubwa ni hili: usiokote konokono mtoni au jarubani. Bulinus na Biomphalaria wa huku kwetu ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka kwenye konokono na kuelea majini, humohumo unamotia mkono ukisafisha kioo. Wala usimwage konokono wa dukani mtaroni. Ndugu yao, Pomacea canaliculata, tayari amevamia mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, na anachokula ni miche.

*Anayefaidika.* Mwenye tangi dogo, anayeanza, au mwenye beta asiyevumilia chochote kinachoogelea.

Koridora

*Nafasi na maji.* Ni kambare wadogo wenye masharubu, wanatembea sakafuni kwa kundi. Wasiwe chini ya sita. Wawili peke yao wanajificha na kudhoofika. Lita 60 kwenda juu, sakafu ya angalau 60 × 30. Chagua aina kwa joto la kwako: Corydoras sterbai anavumilia 24 hadi 28, kwa hiyo ndiye wa kutafuta ukiwa pwani. Corydoras aeneus, wa shaba, anafaa mpaka 26. Corydoras paleatus, mwenye madoa, ni wa maji ya baridi na hamfai beta hata kama ndiye rahisi kupatikana. Corydoras pygmaeus ni mdogo, sentimita 2.5, lakini kumbuka yeye huogelea katikati, kwa hiyo anaonana na beta mara nyingi zaidi.

*Wanavyoishi naye.* Beta anawatazama, anatunisha mashavu siku ya kwanza, wao hata hawamwoni. Mara kwa mara koridora mmoja hupaa ghafla hadi juu, anameza hewa na kushuka kama risasi. Hajachanganyikiwa, naye anapumua hewa kwa njia ya utumbo. Hilo pia linampa nafuu umeme ukikatika.

*Mlo.* Hapa ndipo kazi ilipo. Koridora haishi kwa mabaki, hiyo ni hadithi ya madukani. Anahitaji vidonge vya kuzama, na beta anavijua vilipo. Kidonge kimoja kinaweza kuwa na ujazo mkubwa kuliko tumbo la beta. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Jioni, kama saa moja, mpe beta punje zake tatu au nne kwenye kona ya kushoto, juu. Zima taa. Subiri nusu saa; beta atakuwa amejilaza kwenye jani. Chukua kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, kisimamishe kona ya kulia kikifika mchangani, na udondoshe vidonge viwili kwa kundi la sita kupitia ndani yake. Vinafika chini bila kupita mbele ya mdomo wa beta. Asubuhi nyonya kilichobaki kwa mpira.

*Kinachoharibika.* Masharubu. Kwenye kokoto kali au mchanga mchafu yanakatika, yanaoza, na samaki hapati tena chakula. Tumia mchanga laini, sentimita 3, usizidi, uuchokonoe kila wiki. La pili ni chumvi: wengi humtibu beta kwa chumvi, na koridora haivumilii. Mgonjwa atibiwe kwenye ndoo ya pembeni.

*Anayefaidika.* Mwenye tangi la lita 60 na zaidi, na nidhamu ya jioni. Anayelisha kwa kutupa tu akipita, asimchukue.

Rasbora na tetra wadogo

*Nafasi na maji.* Rasbora mwenye pembetatu nyeusi ubavuni (Trigonostigma heteromorpha) anatoka kusini mwa Thailand, Malaysia na Sumatra, yaani anatoka kanda moja na beta, na anapenda maji yaleyale: laini, pH 6 hadi 7.5, nyuzi 23 hadi 27. Wanane kwenye lita 60. Tetra emba (Hyphessobrycon amandae) wa Brazili ana sentimita 2 tu. Kumi wanaenea kwenye lita 40. Neoni, ambaye kila duka linaye, anapenda ubaridi zaidi, 21 hadi 25, kwa hiyo pwani ni chaguo dhaifu.

*Wanavyoishi naye.* Wanakaa katikati, wana kasi, mapezi mafupi, na hawafanani na beta. Idadi ndiyo siri. Wakiwa wanane, wanagombana wao kwa wao na kumsahau mwenye nyumba. Wakiwa watatu hawana wa kugombana naye, na pezi refu linalopepea mbele yao linakuwa mchezo. Ukiona ukingo wa mkia wa beta una vijipengo kama karatasi iliyong'atwa na panya, hesabu samaki wako kabla hujanunua dawa. Tofautisha na beta anayejing'ata mwenyewe: huyo hukosa kipande kikubwa cha mkia kwa usiku mmoja, kama kimekatwa na mkasi.

*Mlo.* Kinyume cha koridora: hapa beta ndiye anayeibiwa. Wao wanafika kwenye punje kabla hajageuza mkia wake mzito. Walishe wao kwanza upande mmoja kwa chakula kilichosagwa, na wakiwa wanahangaika huko mpe yeye wake upande wa pili, punje moja moja.

*Kinachoharibika.* Umeme. Hawa hawana labirinti. Filta ikisimama usiku kucha kwenye maji ya nyuzi 30, unaamka beta yu hai na rasbora wanahema juu ya maji au wamekwisha. Pampu ya hewa ya betri ni sehemu ya gharama yao.

*Anayefaidika.* Anayetaka tangi lenye uhai wa kutazamwa, mwenye maji laini, na beta mtulivu. Kwa plakati mwenye hasira, kundi linalopitapita mbele yake kutwa ni uchokozi usiokwisha.

Lochi wa kuhli

*Nafasi na maji.* Mwembamba kama kamba ya kiatu, mistari ya njano na kahawia, sentimita 8 hadi 10. Watano kwenda juu, lita 70, nyuzi 24 hadi 28.

*Wanavyoishi naye.* Mchana wamezikwa mchangani, usiku wanatoka wakati beta amelala. Ni majirani wa zamu tofauti.

*Mlo.* Kama koridora, kwa bomba, ila baadaye zaidi, saa tatu au nne usiku.

*Kinachoharibika.* Kutoroka. Tundu la waya wa hita linamtosha, na mdomo wa filta usiofunikwa sponji humnyonya.

*Anayefaidika.* Asiyeudhika kununua samaki watano na kuwaona mara moja kwa wiki. Wanafaa sana kwa plakati mkali.

Chura kibeti wa Afrika

*Nafasi na maji.* Hymenochirus boettgeri anatoka misitu ya Afrika ya Kati, kutoka Kamerun hadi Kongo. Anaishi majini muda wote, sentimita 3 hadi 4, wawili kwenye lita 40, nyuzi 24 hadi 27. Kimo cha maji kisizidi sentimita 40, maana lazima apande kuvuta hewa. Umeme ukikatika, huyu hana wasiwasi.

*Anavyoishi naye.* Mpole kupita kiasi. Huweza kung'ata pezi kwa bahati mbaya akidhani ni mnyoo, kwa sababu haoni vizuri.

*Mlo.* Ndio unaomwangusha. Anatafuta chakula kwa harufu, taratibu, na beta anamaliza kabla hajakigusa. Minyoo myekundu iliyogandishwa ipelekwe mdomoni kwake kwa kibano kirefu, mara tatu au nne kwa wiki, na uhakikishe amemeza.

*Kinachoharibika.* Kuuziwa asiye yeye. Chura mwenye kucha, Xenopus, akiwa mdogo anafanana naye, lakini anakua kupita sentimita 10 na kumla beta. Angalia mikono ya mbele: kibeti ana utando kati ya vidole, Xenopus hana. Na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakishagusa maji. Mlipuko wa Salmonella uliotokea Marekani kati ya 2009 na 2011 ulihusishwa na vyura hawahawa.

*Anayefaidika.* Mtu mwenye subira ya kulisha kwa mkono. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, afadhali wasubiri.

Wasiofaa, kwa kifupi

Gapi ana mkia mpana wa rangi, yaani beta mdogo machoni pa beta, na anapenda maji magumu. Gurami ni wa ukoo wa beta, watagombea ghorofa ileile. Samaki mwenye milia aitwaye tiger barb ananyofoa mapezi. Samaki wa dhahabu ni wa maji baridi na mchafuzi mkubwa. Sikilidi wa Ziwa Malawi na Tanganyika, ambao ni fahari yetu, wanataka pH ya karibu 8 au zaidi na hawana huruma. Hata Nothobranchius guentheri wa Unguja, na mkia wake mwekundu, dume lake ni mgomvi na lina rangi zilezile zinazomwasha beta. Pleko, kambare anayenyonya kioo, anauzwa akiwa na sentimita 5. Muulize muuzaji atafika ngapi.

Siku ya kuwaingiza

Mgeni akae karantini wiki 2 hadi 4 kwenye ndoo yenye filta ya sponji. Siku yenyewe, mtoe beta, umweke kwenye chombo. Badilisha mpangilio wa mawe na mimea ili arudi asikute ramani yake ya zamani. Ingiza wageni, wape siku mbili. Kisha mrudishe beta akiwa ndani ya mtungi wa kioo unaoelea, dakika 15. Kutunisha mashavu kisha kupoa ni kawaida. Akigongagonga kioo muda wote bila kuacha, hilo ni jibu. Ukimwachia, zima taa na ukae karibu saa mbili. Kumfukuza mgeni na kuacha ni sawa. Kumfuata mmoja huyohuyo mpaka kwenye kona si sawa, mtenganishe palepale. Filta ya sponji ya akiba iwe inafanya kazi ndani ya tangi kubwa siku zote, ili ndoo ya dharura iwe na bakteria wake wa kusafisha maji tayari. Mfuniko usikosekane, beta anaruka.

Kwa hali yako

Tangi chini ya lita 20: nerite mmoja au hakuna mtu. Beta hahisi upweke.

Lita 30 hadi 40, maji laini, mimea mingi: uduvi, wakitangulia mwezi mmoja. Kama unataka vitu vinavyoogelea, na ni lita 40 kamili, tetra emba kumi, lakini si yeye na uduvi kwa mara moja.

Lita 60, uko pwani bila kipoza hewa: koridora wa sterbai sita. Maji ya kisima magumu, pima kwanza. Ugumu ukizidi, rudi kwa konokono.

Lita 60, uko Nairobi au Arusha, una hita ya kuaminika: rasbora wanane, na hita ya wati 50 hadi 75 yenye kidhibiti joto.

Umeme unakatika kila wiki na huna pampu ya betri: chura au koridora, usichukue rasbora.

Plakati aliyegonga mtungi dakika zote 15: lochi watano kama tangi lina lita 70, vinginevyo konokono. Mrudie kumjaribu baada ya miezi mitatu, baadhi hupoa wakizeeka.

Beta wa mkia mrefu mwenye mwaka wa pili au wa tatu, mzito, anayelala sana kwenye jani: chochote chenye kasi kikae mbali naye. Konokono, uduvi wa Amano, na jani pana la mmea wa anubia sentimita 5 chini ya uso wa maji, apumzike bila kupanda mbali kuvuta hewa.